Kambi Niliyomchagulia Farasi

Kazi ya kuchagua kambi nilipewa mimi kwa sababu watu wengine wote pale nyumbani walikuwa na maoni. Baba, yaani bosi wangu na kafili wangu, mdhamini wa kibali changu, alitaka mahali pasipo na majirani, awashe moto wake na kuchoma nyama yake bila mtu wa kumwelekeza. Madam alitaka bafu la maji moto na maua ya kupigia picha. Binti yao alitaka farasi wake afike Jeddah akiwa hai. Mimi nilikuwa saisi, mtu wa kumlisha huyo farasi, kumsugua na kuzoa mavi yake, na nilipoulizwa nilisema sina maoni.

"Halas," baba akasema. "Basi utachagua wewe."

Binti alikuwa daktari wa meno na alikuwa amepata kazi Jeddah. Farasi alikuwa wake tangu akiwa na miaka kumi na miwili, na hakuwa tayari kumwacha Riyadh. Wangeweza kukodi lori la kubebea farasi likamaliza safari kwa mkupuo mmoja. Lakini ilikuwa majira ya baridi, wakati ambao nusu ya Riyadh huhamia jangwani kukaa juu ya mazulia kando ya moto, jambo wanaloliita kashta, na madam akaona kwamba kama ni lazima kusafiri zaidi ya kilomita mia tisa, basi heri iwe kashta ya familia. Wakakodi karavani yenye jiko na vitanda vinne, vitatu vyao na kimoja cha mpishi. Baba angeendesha karavani, mimi ningefuata na pikapu nikivuta trela la farasi, na tungelala njiani mara moja. Kilichobaki ni kujua tutalala wapi.

Halikuwa jambo dogo. Farasi alikuwa jike wa miaka ishirini na miwili, na kwa farasi huo ni uzee bila ubishi. Majira ya baridi ya mwaka juzi, nilipolala na homa, aligoma kunywa maji siku mbili, tumbo likamsokota, akawa anajilaza na kujiviringisha chini huku akihema. Daktari wa mifugo alishinda naye siku nzima. Alipokuwa akifunga mkoba wake alituambia kwamba kwa umri ule, ikitokea mara ya pili, asiitwe, hakutakuwa na la kufanya. Tangu hapo nilimpimia maji: ndoo mbili asubuhi, ndoo mbili jioni. Nilikuwa nikishakunywa chai yangu nasuuza kikombe humo humo kwenye ndoo, maana sinki lilikuwa upande wa pili wa ua na mimi ni mvivu, kisha nasimama naye mpaka amalize. Hakuwahi kubakisha.

Kwa hiyo jioni tatu mfululizo nilikaa jikoni na simu ya baba, nikisoma maoni ya watu kuhusu kambi zilizoko kati ya Riyadh na Taif. Sijaona watu wa kusifu ovyo kama watu waliopiga kambi. Mmoja anasifu machweo, utadhani jua huzama kwa hisani ya mwenye kambi. Mwingine anatoa nyota moja kwa sababu alikuta mchanga. Alikuwa ameenda jangwani. Hakuna aliyesema maji ni ya chumvi au ni matamu, ardhi ina miiba au haina, wala upepo unatoka upande gani.

"Bro, unasoma hizo reviews ni kama unatafuta bibi," dada akaniambia. Huyu alikuwa Mkenya mwenzangu kutoka Kakamega, mpishi wa nyumba ile, na ndiye mtu pekee niliyeweza kuzungumza naye bila kutafuta maneno.

"Bibi akikosa maji ataniambia. Huyu hasemi."

"Ata bibi wengine hawasemi. Wanarudi tu kwao."

Kambi ya kwanza niliyoipigia simu ilikuwa imeandika kwamba farasi wanakaribishwa. Mtu aliyepokea akanieleza kwamba farasi wapo, mtoto hupanda kwa saa moja, na kofia ngumu ni juu yao. Nikamwambia wangu nakuja naye. Akauliza kama farasi atalala hemani au ndani ya karavani. Nilimshukuru nikakata simu.

Ya pili ilikuwa na nyota tano na madam alikwishaipenda kabla sijaifungua. Mabafu yalikuwa na vigae, njia zilipangwa mawe meupe, na kila nafasi ya karavani ilizungushiwa ua wa miti yenye maua ya waridi. Nikaikuza picha. Ilikuwa difla. Mtu yeyote wa Riyadh anaijua, imepandwa kila barabara kwa sababu haidai maji na haina haja ya mtu. Farasi akila majani machache tu ya difla, moyo wake husimama. Miaka sita sikuwahi kumtembeza huyo farasi barabarani kwa sababu hiyo, na sasa naambiwa nimlaze katikati yake.

"Madam, haya maua huua farasi," nikamwambia.

Aliitazama picha muda mrefu. "Yote?"

"Yote, madam."

"Hawezi kufungwa mdomo? Usiku mmoja tu?"

Nilimjibu kwamba anaweza, lakini hataweza kunywa maji, na tutarudi kule kule kwa daktari. Madam akanirudishia simu. Kwa siku mbili alinisalimia kwa heshima nyingi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Ya tatu haikuwa na maua. Ilikuwa mali ya mfugaji wa ngamia, mbele kidogo ya nusu ya safari, na picha zake zilikuwa mbili: ukuta wa mawe na mlango wa choo. Maoni yalikuwa ya mtu mmoja tu, naye alisema hakuna kitu pale. Niliipenda. Nilipopiga, mzee mwenye sauti ya kukwaruza aliniuliza farasi ana umri gani, ni jike au dume, anapiga mateke, na amezoea harufu ya ngamia au hapana. Hakuniuliza sisi ni wangapi. Akaniambia ukuta unakinga upepo wa kaskazini, ardhi ni ngumu haina miiba, na maji ya kisima chake ni ya chumvi, ngamia wanayapenda lakini farasi wa mjini huyakataa. Mtu anayekutajia ubaya wa maji yake kabla hujamuuliza, huyo unalala kwake. Nikamwambia baba tumepata.

Suala la maji nililimaliza mwenyewe. Ijumaa nilikwenda sokoni Batha nikanunua mitungi minane ya plastiki, nikaijaza kwa mpira uleule niliojazia ndoo yake kila siku, nikaipanga kwenye pikapu. Farasi angekunywa maji ya Riyadh mpaka Jeddah. Nilijiona mtu wa maana sana, na ninaandika hivyo ili ijulikane.

Asubuhi ya kuondoka, mambo yalikwenda mbio. Baba alikuwa amesimama uani akisema yalla, twendeni, tangu alfajiri. Vitu vyangu vyote, brashi, dawa ya kwato, blanketi, kikombe, nilikuwa nimevifunga ndani ya sanduku. Dada akatugawia chai kwenye vikombe vya karatasi, nikainywa nikiwa nafunga trela, kikombe nikakitupa. Nilimwekea farasi ndoo. Akanusa, akageuza kichwa. Nikasema ni haraka za safari, atakunywa njiani.

Tuliposimama kwenye kituo cha mafuta kabla ya adhuhuri, akanusa tena, akageuka. Nikasema ni malori.

Tulifika kambini alasiri. Palikuwa vilevile kama palivyoandikwa: hakuna kitu. Ukuta wa mawe, choo, mabirika mawili ya kunyweshea, na ngamia kama thelathini wakitutazama kama wenye nyumba. Baba alifurahi, akatandika zulia lake na kuanza kupanga kuni. Madam alikwenda kukagua choo akarudi upesi. Mimi na binti tukamteremsha farasi, nikamfunga nyuma ya ukuta, nikamimina maji ya mtungi wa kwanza kwenye ndoo yake mwenyewe, ile ya bluu yenye ufa mdomoni.

Akatia pua, akatoa. Akaniangalia.

Nikajaribu mtungi wa pili, nikidhani wa kwanza unanuka plastiki. Nikajaribu maji ya chupa. Nikajaribu hata ya ngamia. Nikapiga mluzi ule tunaowapigia farasi wakinywa, nikapiga mpaka mdomo ukakauka. Nikalowesha barsim yake, majani makavu ya kumlishia, nikitumaini atapata maji kwenye majani. Akatafuna mara mbili tatu akaacha. Jua lilipokuwa linazama nilimfinya ngozi ya shingo. Ngozi ya farasi aliyekunywa hurudi mahali pake mara moja. Yake ilirudi polepole.

"Ni ngamia," madam akasema. "Anaogopa ngamia. Pale kwingine hakukuwa na ngamia."

Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali. Binti alikuwa amekaa chini karibu na miguu ya farasi, mtu mzima, daktari, akiwa amemkumbatia mguu wa mbele, na hakuniuliza chochote. Baba aliacha nyama ikaungua upande mmoja. Alinijia akaniuliza kwa neno moja la Kiarabu kama hakuna alichokunywa.

"Mafi?"

"Mafi, baba."

Akapiga simu Taif kutafuta daktari wa mifugo. Aliyepatikana alisema atafika kesho, jua likishapanda. Niliogopa. Niliogopa kwa ajili ya farasi na kwa ajili yangu pia, maana kambi ile niliichagua mimi, nikakataa iliyotakiwa na madam, na kama farasi angefia pale, angefia mahali nilipopachagua kwa majivuno. Nilijifunika blanketi nikalala nyuma ya ukuta karibu naye. Sitasema nililala.

Alfajiri, baba alipomaliza kusali, dada alitoka kwenye karavani na sufuria ya chai. Akanyoosha kikombe cha karatasi.

"Sitaki hicho," nikamwambia. "Chai yangu miaka yote naikunywa kwa kikombe. Nipe changu, kiko kwa sanduku."

"Farasi anakufa na wewe unachagua vikombe."

"Nipe tu, dada."

Akanitafutia. Ni kikombe cha bati, cheupe, kimebanduka rangi ukingoni. Nilitoka nacho Nairobi, kwenye viwanja vya mbio nilikojifunzia kazi hii. Nikanywa chai nimesimama kando ya farasi, chai ya maziwa na tangawizi kama tunavyoipika kwetu, nikiwaza nitamwambia nini daktari. Ilipobaki ile ya chini yenye masimbi, mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikasuuza kikombe ndani ya ndoo.

Farasi alinisukuma bega. Aliingiza mdomo mpaka puani, na nikasikia ile sauti ya koo ambayo nilikuwa nimeisikia kila siku kwa miaka sita bila kuijali. Alimaliza ndoo nzima. Akainua kichwa, maji yakimdondoka kidevuni, akakinusa kikombe.

Nilipogeuka nilimkuta baba amesimama nyuma yangu, tasbihi mkononi.

"Umetia nini?"

"Chai, baba."

"Chai ya nani?"

"Yangu. Nasuuza kikombe humo. Kila siku."

"Tangu lini?"

"Tangu nifike."

Akafikiri. Yule farasi ana karatasi za ukoo ndefu kuliko ikama, kibali changu cha kuishi, na pasipoti yangu zikiunganishwa. Chumvi yake ya kulamba ililetwa kwa ndege. Kila mfuko wa chakula chake ulipimwa kwa mizani na kuandikwa kwenye kitabu, na baba mwenyewe alikikagua kitabu hicho kila mwezi. Niliona kwamba anatafuta mahali pa kuanzia kunilaumu.

"Mwambie apike nyingine," akasema.

Dada alipika sufuria nzima. Kwenye ndoo ya pili nilitia kikombe kizima badala ya masuuzo, maana sasa ilikuwa halali, na farasi hakunywa. Nikamwaga, nikaanza upya, nikasuuza tu. Akanywa. Binti alicheka huku analia, na madam akasema kwamba kambi si mbaya, choo tu. Daktari alipigiwa simu asije.

Karibu na Makka barabara hugawanyika, Waislamu wanapita moja kwa moja na wengine wanazunguka. Mimi ni Mkristo na mimi ndiye niliyekuwa naendesha, kwa hiyo farasi naye alizunguka. Tulimfikisha Jeddah alasiri. Zizi lilikuwa nje ya mji, safi, na saisi wake alikuwa mzee wa Kisudani aliyeniamkia kwa kunishika mikono yote miwili, kisha akaenda moja kwa moja kutazama kwato za farasi kabla ya kumtazama mwenye farasi. Nilimwamini hapo hapo, na ilinikera.

Kabla ya kuondoka baba alimweleza mzee habari ya chai. Mzee hakushangaa. Akaleta glasi yake, akaisuuza ndani ya ndoo. Farasi akanusa, akageuka. Chai ya mzee ilikuwa ya rangi, na nanaa. Baba alijua habari ya chai, hakujua habari ya tangawizi wala ya maziwa, kwa sababu chai ya kwetu hakuwahi kuionja. Nilichukua kikombe changu, chenye mabaki ya chai ya njiani, nikasuuza. Akanywa.

"Kumbe ni wewe," baba akaniambia. "Si chai, ni wewe. Basi mafi mushkila, hakuna shida, utabaki Jeddah naye. Nitaongea na wenye zizi."

Nikanyamaza. Zizi la Riyadh lilikuwa tupu sasa. Mkataba wangu ulibakiza miezi michache, na saisi asiye na farasi ni mtu wa kumwagilia bustani mpaka tiketi ya kurudi ipatikane. Hapa ningekuwa na kazi yangu na farasi wangu. Ndiyo, nimeandika farasi wangu. Na sikutakiwa kudanganya hata kidogo, nilitakiwa kukaa kimya tu.

Nililala mtaa wa Al-Baghdadiyah, kwa Mkenya mmoja aliyenipa godoro sakafuni. Nilikuwa nimefurahi, nikamwambia nimehamia Jeddah, akanipongeza. Kisha nikaanza kumwona akilini farasi yule siku ambayo nina homa. Nikamwona siku niko likizo Nairobi, mwezi mzima, mzee wa watu amesimama na glasi yake ya nanaa, ndoo imejaa mpaka juu, na binti amekaa chini amekumbatia mguu. Nilijaribu kuwaza jambo lingine. Sikuweza.

Asubuhi nilikwenda sokoni Balad kwa miguu, nikanunua tangawizi mbichi, majani ya chai na kopo la maziwa ya unga, nikachukua teksi mpaka zizini. Nilimfundisha mzee: maji na maziwa nusu kwa nusu, tangawizi iliyopondwa iingie kabla ya majani, ichemke mpaka ipande mara mbili. Akaionja akasema si mbaya, kwao kahawa hutiwa tangawizi vilevile. Nikampa kikombe changu. Akanywa taratibu, akabakiza masimbi, akaenda kusuuza kwenye ndoo ya bluu. Mimi nilisimama mbali, nyuma ya trela, farasi asinione.

Alikunywa yote. Nilifurahi sana, na niliumia vibaya, na sioni sababu ya kuficha kimojawapo.

Nilimpigia baba simu nikamweleza ilikuwa tangawizi. Akauliza kama nilijua jana. Nikasema nilijua. Akasema, "Vema, rudi na trela." Kikombe nilimwachia mzee. Trela tupu huruka kila ukipita tuta, na nilirudi nalo hivyo mpaka Riyadh.

Nimepewa bustani. Binti hunitumia picha ya ndoo mara mojamoja, ndoo tupu tu, bila neno. Asubuhi ya kwanza baada ya safari nilipika chai yangu kama kawaida, nikainywa kwa glasi, nikavuka ua nikiwa na ile ya chini kwenye glasi, nikafungua mlango wa zizi, nikainama kusuuza. Ndoo haikuwepo.